Ng'ombe Hanenepi Siku ya Mnada: Mwanafunzi wa Afya na Maandalizi ya Ajira kabla ya Kuhitimu

Katika Kata ya Kalangalala, katikati ya mji wa Geita, habari ya kijana aliyechaguliwa kusomea udaktari haibaki ndani ya nyumba moja. Huenea sokoni, kanisani, msikitini na katika vijiwe vya bodaboda kabla jua halijazama. Majirani huanza kumwita "daktari" tangu siku anapopanda basi kwenda chuoni, na jina hilo humsubiri kila likizo. Lakini afikapo mwaka wa mwisho, swali la majirani hubadilika. Halisemi tena, "Unasomea nini?" Husema, "Utapangiwa wapi?"

Neno hilo, kupangiwa, lina historia yake. Shule ya udaktari iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1963, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ilitoa wahitimu wachache kwa nchi iliyokuwa na kiu kubwa ya wataalamu. Serikali ilikuwa ndiyo mwajiri mkuu, na mhitimu alisubiri barua iliyomweleza kituo chake. Wazazi wengi wa leo walikulia katika picha hiyo. Tangu miaka ya 1990, Serikali ilipopunguza idadi ya watumishi, na kadiri vyuo vya afya vilivyoongezeka, barua hiyo iliacha kuwa jambo la hakika. Mhitimu wa leo huomba, hushindanishwa, hufanyiwa usaili, na wakati mwingine husubiri kwa muda mrefu.

Mfano wa binti wa mwaka wa 4 wa udaktari, aliyerudi likizo Kalangalala, unaweza kulieleza jambo hili. Mfano huu si wa mtu mmoja. Ni sura ya nyumba nyingi za ukanda wa dhahabu. Mama anauza dagaa na mchele sokoni. Baba ni mchimbaji mdogo, ambaye mwaka mmoja hupata na miaka miwili hukosa. Nyumba hiyo ina kiwanja kimoja Nyankumbu, kilichonunuliwa mwaka ambao mwamba ulitoa. Jioni moja mjomba anafika na habari: yupo mtu anayewajua wakubwa, na kwa shilingi milioni 3 jina la binti litaingia katika orodha ya ajira. Mama anamtazama binti na kusema taratibu, "Mwanangu, kiwanja kipo. Ukisema tuuze, tutauza."

Jibu ambalo binti huyo atatoa haliamuliwi jioni hiyo. Linategemea yale aliyojifunza na kuyatenda kuhusu ajira katika miaka yake ya chuo. Wahenga walisema ng'ombe hanenepi siku ya mnada, na watu wa Geita na Shinyanga, wanaoijua minada, hawahitaji kufafanuliwa methali hiyo.

Wagonjwa wapo, kazi hazipo?

Jambo la kwanza linalowachanganya wanafunzi na wazazi ni kwamba wagonjwa wanajaa katika foleni za zahanati na vituo vya afya, wauguzi wanalemewa na zamu, na hapo hapo wahitimu wa afya wapo mitaani. Mambo haya mawili yanawezekana kwa pamoja kwa sababu ajira ya Serikali haizaliwi na mahitaji peke yake. Kila kituo kina ikama, yaani idadi ya watumishi wanaotakiwa kuwapo. Lakini ili nafasi iliyo wazi katika ikama ijazwe, lazima kipatikane kibali cha ajira, na kibali hutegemea fedha za mishahara zilizotengwa katika bajeti. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo matangazo ya kazi huja kwa mafungu, kulingana na vibali, wala hayafuati tarehe ya mahafali ya chuo chochote.

Mwanafunzi anayeelewa utaratibu huu hujiandaa kwa namna mbili. Kwanza, huwa na nyaraka zake tayari wakati wote, kwa kuwa tangazo likitoka muda wa kuomba huwa mfupi. Pili, haweki mayai yote katika kapu moja. Huomba serikalini, na wakati huo huo hutazama mashirika ya dini, hospitali binafsi, migodi, utafiti na maduka ya dawa.

Bei ya kiwanja

Pendekezo la mjomba linastahili kujibiwa kwa ukweli wa sheria na wa utaratibu. Nafasi za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kupitia mfumo wake wa mtandaoni, ambao watu huuita Ajira Portal. Kuomba kazi kupitia mfumo huo hakulipiwi. Mtu anayedai fedha ili "kupenyeza jina" anauza kitu asichonacho; na kama kweli anacho, basi anatenda kosa. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 humtia hatiani mpokeaji wa rushwa na pia mtoaji. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 25, inataja rushwa ya ngono: mwenye mamlaka anayedai mapenzi kama sharti la ajira, kupandishwa cheo au upendeleo wowote anatenda jinai. Taarifa zinaweza kutolewa TAKUKURU kwa simu ya bure namba 113.

Matapeli huifahamu hofu ya wazazi. Hutuma ujumbe wenye nembo iliyonakiliwa, huomba "ada ya fomu", kisha "ada ya vipimo vya afya", kisha "nauli ya afisa". Dalili ni zile zile: fedha hutumwa kwa namba ya simu ya mtu binafsi, muda ni wa haraka mno, na tangazo halionekani katika tovuti rasmi ya mwajiri. Mwanafunzi akiwafundisha wazazi wake dalili hizo mapema, amelinda mali ya nyumba yao kabla hajapokea mshahara wake wa kwanza.

Majina matatu, nyaraka nyingi

Kikwazo kinachowaangusha waombaji wengi hakihusiani na uwezo wao kitaaluma. Ni herufi. Cheti cha kuzaliwa kinasema jina moja, cheti cha kidato cha nne kinasema jingine, na kitambulisho cha Taifa kina jina la babu ambalo halipo kwingineko. Katika familia za wachimbaji, ambazo huhama kutoka Nyarugusu kwenda Kahama na kutoka Kahama kwenda Geita, mtoto huandikishwa shule zaidi ya mara moja, na kila mwandikishaji huandika alivyosikia.

Mfumo wa Sekretarieti ya Ajira humtaka mwombaji awe na namba ya utambulisho ya NIDA ili kufungua akaunti. Majina yakitofautiana, hutakiwa hati ya kisheria inayoeleza tofauti hiyo, na hati hiyo huandaliwa kwa msaada wa wakili na kusajiliwa. Kazi hiyo haimaliziki kwa siku mbili. Mwanafunzi wa mwaka wa 2 au wa 3 anayo nafasi ya kuishughulikia wakati wa likizo. Mhitimu aliyeona tangazo lenye siku chache zilizobaki hana.

Ipo mitego mingine. Matangazo ya Sekretarieti hueleza kwamba hati za matokeo na matokeo ya muda hazikubaliki badala ya vyeti halisi vya kidato cha nne na cha sita. Hivyo, mwanafunzi aliyeacha cheti chake katika shule ya sekondari kwa sababu ya deni la michango anapaswa kukifuata sasa. Aliyepoteza cheti huanza kwa kutoa taarifa polisi, kisha hufuata taratibu za Baraza la Mitihani la Tanzania. Nakala hupaswa kuthibitishwa na wakili au hakimu. Nyaraka zote zikishachanganuliwa vizuri, zihifadhiwe mahali zaidi ya pamoja: katika barua pepe, katika diski mweko, na nakala za karatasi kwa mtu anayeaminika nyumbani.

Ukali huu wa nyaraka una sababu. Mwaka 2017 uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma uliwabaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, nao waliondolewa kazini. Tangu wakati huo, mwajiri hutazama cheti kwa jicho la shaka kwanza. Mwombaji mwaminifu mwenye majina yanayogongana anaweza kujikuta ametupwa kapu moja na mghushi.

Utarajali: usaili wa miezi 12

Kwa fani kadhaa za shahada, kama udaktari, uuguzi na famasi, kuhitimu chuo hakumpi mtu ruhusa ya kufanya kazi peke yake. Hufuata mwaka mmoja wa utarajali katika hospitali inayotambuliwa, chini ya usajili wa muda, kisha mhitimu hutimiza masharti ya baraza lake na kupata usajili kamili. Madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, wauguzi na wakunga na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, wafamasia na Baraza la Famasi, na wataalamu wa maabara na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya. Bila usajili na leseni iliyo hai, wasifu mzuri kiasi gani hauna thamani mbele ya mwajiri.

Watarajali wengi huuona mwaka huo kama daraja la kuvuka kwa kukimbia. Kwa hakika ni usaili mrefu kuliko wote. Bingwa anayempitia mgonjwa wodini asubuhi ndiye atakayeandikwa kesho kuwa mdhamini katika maombi ya kazi. Muuguzi mkuu wa zamu ndiye atakayepigiwa simu na mganga mfawidhi wa hospitali nyingine na kuulizwa, "Huyu kijana anafika kazini kwa wakati?" Katika fani ya afya, kanda nzima ya Ziwa ni kama kijiji kimoja. Jina baya lililopatikana Mwanza hufika Geita kabla ya mwenyewe, hasa tangu Juni 2025, daraja la J. P. Magufuli lilipoondoa subira ya kivuko kati ya Kigongo na Busisi.

Inafaa basi mwanafunzi aanze kuweka kumbukumbu mapema, tangu mafunzo ya vitendo ya chuoni. Kitabu cha kumbukumbu kieleze ni wazazi wangapi aliwahudumia wakati wa kujifungua, ni vidonda vingapi alishona, ni watoto wangapi wenye malaria kali aliwahudumia, na chini ya usimamizi wa nani. Majina ya wagonjwa hayaandikwi. Siri ya mgonjwa haivunjwi kwa ajili ya wasifu wa mtu. Ila hesabu iliyosainiwa na msimamizi ina uzito kuliko maneno "ninajituma na ninaweza kufanya kazi chini ya shinikizo", ambayo kila mwombaji huyaandika.

Ramani ya waajiri katika ukanda wa dhahabu

Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012, na kuanzishwa kwa mkoa huleta taasisi zake: hospitali ya rufaa ya mkoa, ofisi ya mganga mkuu wa mkoa, timu za afya za halmashauri. Chato ipo hospitali ya rufaa ya kanda. Mwanza ipo Bugando, na Shinyanga ipo hospitali ya rufaa ya mkoa. Hizo ndizo taasisi ambazo kila mwanafunzi huzitaja haraka. Zipo nyingine ambazo wengi hawazitazami.

Hospitali za mashirika ya dini ni waajiri wa muda mrefu katika kanda hii. Kolandoto mkoani Shinyanga, ya Kanisa la AICT, na Sengerema, ya Kanisa Katoliki, ni mifano inayojulikana. Hospitali za aina hiyo hazisubiri kibali cha ajira cha Serikali kwa kila mtumishi. Nyingine hutangaza nafasi kwenye mbao zao za matangazo tu. Barua iliyopelekwa kwa mkono na mtu aliyewahi kufanya mafunzo hapo husomwa.

Migodi nayo huhitaji wataalamu wa afya. Mgodi wa Dhahabu wa Geita, unaomilikiwa na AngloGold Ashanti, ulianza uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu uko jirani, mkoani Shinyanga. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya na wataalamu wenye sifa. Upimaji hufanyika kabla ya mtu kuanza kazi, akiwa kazini, na anapoondoka. Upimaji huo una ujuzi wake: kupima nguvu ya mapafu, kupima usikivu wa masikio, kusoma picha ya kifua ya mtu aliyevuta vumbi kwa miaka mingi. Mwanafunzi wa udaktari, uuguzi au maabara anayechagua afya ya wafanyakazi kuwa eneo lake huwa na washindani wachache. Zaidi ya migodi yenyewe, wapo wakandarasi wa ulipuaji, usafirishaji na ujenzi, ambao sheria hiyo inawahusu vilevile.

Kisha wapo wachimbaji wadogo, ambao kwa idadi ni wengi na kwa huduma ni wachache wanaowafikia. Vumbi la mawe yenye silika huharibu mapafu na kuongeza hatari ya kifua kikuu. Zebaki inayochomwa ili kutenganisha dhahabu hutoa mvuke unaodhuru mishipa ya fahamu na figo, na huwafikia pia kina mama na watoto walio karibu na moto huo. Mwanafunzi anayechagua utafiti wake wa mwisho kati ya mada zilizorudiwa kila mwaka na tatizo la mtaa wake mwenyewe angefaa kukumbuka kwamba utafiti ni barua ya utambulisho. Binti wa Kalangalala aliyekwenda Mgusu au Nyarugusu kuuliza wachimbaji juu ya kikohozi chao, kwa kibali cha kamati ya maadili, atakuwa na jambo la kusema katika usaili ambalo mwenzake hana.

Miradi ya wafadhili nayo ilikuwa kimbilio la wahitimu wengi. Lakini Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya Ukimwi na kifua kikuu barani Afrika ilipunguza watumishi au kufungwa. Funzo lake ni kwamba mkataba wa mradi ni mahali pa kujifunza na kuweka akiba. Si mahali pa kukopa kwa matumaini ya miaka 20.

Kwa wafamasia, ipo tahadhari ya pekee. Mhitimu hushawishiwa kukodisha jina lake kwa mwenye duka la dawa, cheti kitundikwe ukutani ilhali yeye yuko mji mwingine. Fedha hiyo huonekana ni rahisi. Lakini siku dawa isiyofaa itakapotolewa, jina lililo ukutani ndilo litakaloitwa barazani.

Barua, wasifu na mahojiano

Barua ya maombi haipaswi kuzidi ukurasa mmoja. Itaje nafasi kama ilivyoandikwa katika tangazo, ieleze sifa mbili au tatu zinazolingana na nafasi hiyo, na isainiwe. Wasifu uanze na usajili wa kitaaluma, ufuatwe na elimu, mafunzo ya vitendo, utafiti, kazi za kujitolea na wadhamini. Wadhamini waombwe ruhusa kabla ya kutajwa. Mkufunzi anayepigiwa simu ghafla kuhusu mwanafunzi asiyemkumbuka hutoa jibu baridi, na jibu baridi humnyima mtu kazi.

Usaili wa utumishi wa umma aghalabu huanza na mtihani wa mchujo wa kuandika, na kwa baadhi ya kada hufuata wa vitendo, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Siku hiyo vyeti halisi na kitambulisho hutakiwa. Mwombaji aliyefaulu lakini nafasi hazikutosha huweza kuhifadhiwa katika kanzidata na kuitwa baadaye. Kwa hiyo simu isibadilishwe ovyo.

Maswali ya mahojiano kwa kada za afya hayalengi kumsikia mtu akikariri kitabu. Swali la kawaida huwa na sura hii: "Uko peke yako zamu ya usiku katika kituo cha afya. Mama aliyejifungua muda mfupi uliopita anatokwa na damu nyingi. Utafanya nini?" Anayetaja sababu zote za kutokwa damu kwa mpangilio wa darasani, mgonjwa wake ameshakufa. Jibu linalosikilizwa huanza na kuita msaada, kukanda mji wa mimba, kutoa oksitosini na kuweka njia ya maji mshipani, huku sababu ikitafutwa: mji uliolegea, mchaniko, kondo lililobaki au damu isiyoganda. Huendelea na mpango wa damu na rufaa, na humalizika kwa kumweleza mama na ndugu kinachoendelea. Wanafunzi watatu wanaokutana kila Jumamosi na kuulizana maswali ya namna hiyo, wakitumia mwongozo wa matibabu wa Taifa, hawahitaji mwalimu wa kulipwa.

Kabla ya kutia saini

Furaha ya kupata kazi huwafanya wengi watie saini bila kusoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi: cheo, mahali, saa, mshahara. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki. Likizo ya mwaka ni siku 28, na likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mfanyakazi wa sekta binafsi huandikishwa NSSF, naye anaweza kufuatilia mwenyewe kama michango inapelekwa. Mhitimu aliyesoma kwa mkopo wa Serikali akumbuke pia kwamba asilimia 15 ya mshahara wake itakwenda Bodi ya Mikopo kila mwezi; hesabu ya kodi ya nyumba na ya kuwasaidia wadogo zake ianzie kwenye kiasi kinachobaki.

Kujitolea nako kunahitaji maandishi. Kujitolea huongeza ujuzi na kumfanya mtu aonekane, lakini kujitolea bila barua, bila muda maalumu na bila msimamizi hugeuka utumwa wa heshima. Barua ya nusu ukurasa inayotaja tarehe ya kuanza na ya kumaliza humlinda kijana na hulinda kituo.

Moyo wa anayesubiri

Majarida ya ajira hutaja mara chache kwamba kusubiri kazi kunaumiza mwili na akili. Kijana aliyeitwa daktari kwa miaka mitano hukwepa njia ya sokoni ili asiulizwe. Hulala mchana, hukesha usiku, huacha kula na wenzake. Huzuni ya siku chache ni ya kawaida. Lakini ikidumu zaidi ya wiki mbili, ikiambatana na kukosa hamu ya mambo aliyoyapenda, usingizi kuvurugika, kujiona hana thamani au mawazo ya kujidhuru, hiyo inaweza kuwa sonona, nayo inatibika. Mhudumu wa afya si mtu asiyeugua. Aende kituoni kama ambavyo angemshauri mgonjwa wake, na kama mawazo ya kujidhuru yapo, asisubiri kesho wala asiachwe peke yake.

Familia nayo ina wajibu. Swali la "umepangiwa wapi?" linaweza kubadilishwa likawa "leo umeomba wapi, na tukusaidie nini?" Swali la pili humfanya kijana azungumze, la kwanza humfanya ajifiche. Na kijana mwenye ratiba, anayeamka saa ile ile, anayefanya kazi yoyote halali sokoni kwa mama yake huku akisubiri, hajashuka hadhi. Taaluma yake haimomonyoki kwa kupima mchele.

Jibu kwa mjomba

Turudi katika jioni ile ya Kalangalala. Binti wa mfano aliyejiandaa hatamkosea adabu mjomba wake. Atamwamkia, ataitikiwa marahaba, atamshukuru kwa kumjali. Kisha ataleta faili lake mezani: cheti cha kuzaliwa chenye majina yanayolingana na vyeti vya shule, namba ya NIDA, vyeti halisi vya sekondari, kitabu cha kumbukumbu chenye saini, na orodha ya hospitali sita anazokusudia kuziandikia, kuanzia Geita hadi Kolandoto. Atasema, "Mjomba, fedha ya kumpa mtu huyo hatuna. Lakini kama utanisaidia nauli ya kwenda Sengerema kuonana na katibu wa hospitali, nitashukuru sana."

Hakuna anayeweza kumwahidi binti huyo kwamba atapata kazi mwezi huo, wala mwaka huo. Maandalizi hayazai vibali vya ajira. Yanachofanya ni kuhakikisha kwamba kibali kikitoka, mlango ukifunguliwa, yeye haachwi nje kwa sababu ya herufi moja katika jina la babu yake. Na kwamba wakati wa kusubiri, nyumba ya wazazi wake haijauza ilichonacho kwa ajili ya ahadi ya mtu asiyejulikana. Kiwanja cha Nyankumbu bado kipo. Siku moja, mshahara ukianza kuingia, huenda yeye ndiye atakayekijenga.